Nikikaa kimya nje, mawazo ndiyo kwanza yanazidi. Kasoro ni yangu?

Swali: Naishi mjini, nafanya kazi ofisini, na nina watoto wawili. Kila mara nasikia kwamba mtu akikaa nje peke yake kimya, kichwa hutulia. Nimejaribu. Wakati wa mapumziko ya mchana naenda kwenye bustani ya umma jirani na kazini, nakaa kwenye benchi, nazima simu na kuishika mkononi. Dakika tano hazijafika mwili unaanza kuniwasha. Nakumbuka bili, ujumbe ambao sijajibu, maneno ya bosi. Magari yanapiga honi. Kila apitaye naona ananitazama kama mtu asiye na kazi. Narudi ofisini nimechoka kuliko nilivyotoka. Je, jambo hili lina watu wake? Au nihame mji kabisa? Na kama linawezekana, naweza kulifanya nikiwa na watoto?

Jibu: Dada yangu, hakuna kasoro hapo. Kumkalisha binadamu peke yake bila kazi ya mikono wala kitu cha kutazama ni mtihani kwa karibu kila mtu. Mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha majaribio ya mwanasaikolojia Timothy Wilson na wenzake. Watu waliachwa ndani ya chumba kitupu kwa dakika kati ya 6 na 15, wakiwa na mawazo yao tu. Kwa kawaida hawakufurahia. Katika jaribio mojawapo waliwekewa kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, shoti ileile ambayo muda mfupi kabla walisema wangekuwa radhi kulipa fedha wasipigwe tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Wewe uliishia kuwashwa tu.

Lakini angalia kilichokuwamo chumbani mle: hamkuwa na kitu. Nadhani hapo ndipo wanaokuhimiza "kaa kimya tu" wanapokupa nusu ya maelekezo. Anayetulia nje huwa amepata mambo matatu kwa pamoja. Macho na masikio yake yana kitu chepesi cha kushika, mwili wake uko mahali ambapo hauoni haja ya kujilinda, na amekaa muda wa kutosha kuupita ule mwasho wa mwanzo. Benchi lako, kwa jinsi ulivyolieleza, limekunyima yote matatu, na kwa bahati nzuri yote yanarekebishika bila kuhama.

Nianze na hicho kitu chepesi. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza kwa kirefu mwaka 1989 kwamba umakini wetu una sura mbili. Kuna ule tunaousukuma wenyewe: kusoma mkataba, kuvuka barabara yenye msongamano, kumsikiliza mtu kwenye simu huku wenzako wanapiga soga pembeni. Huo kazi yake kubwa ni kuzuia, maana kila kisichohusika lazima ukifukuze, na mji una visivyohusika vingi mno. Huo huchoka. Dalili zake unazijua: unasoma sentensi moja mara tatu, unafoka kwa jambo dogo, unaingia chumbani na kusahau ulichofuata. Halafu kuna ule unaovutwa wenyewe bila jitihada, na mawingu, na majani yanayotikiswa na upepo, na ndege anayedonoadonoa chini ya mti. Ukivutwa hivyo, ule wa kwanza unapata kulala kidogo. Mwaka 2008 watafiti wa chuo hichohicho waliwatembeza watu kwenye bustani ya miti na, siku nyingine, kwenye mitaa ya katikati ya mji. Waliotoka kwenye miti walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kurudia tarakimu kinyumenyume. Matembezi ya mtaani hayakuleta faida hiyo.

Vitu vinavyovuta navyo havifanani. Mechi ya mpira inavuta, video za kwenye simu zinavuta, ila hizo zinakumeza mzima mzima na hazikuachii upenyo wa kuwaza lolote. Mti unakuvuta kidogo tu, kisha unakuachia nafasi. Ndiyo maana mapumziko ya kuperuzi simu yanaweza kuwa matamu na bado ukarudi kazini na kichwa kilekile kilichochoka. Simu iweke ndani ya mkoba, ikiwa na kengele ya kukuamsha muda ukiisha ili usijikute unachungulia saa. Ukiishika mkononi, hata ikiwa imezimwa, mkono unaendelea kuisubiri.

Sasa benchi lenyewe. Hili watu wengi hawalitilii maanani, nami naliona kubwa kuliko mazoezi yote ya kupumua. Mwaka 1975 mwanajiografia Mwingereza Jay Appleton alitoa hoja kwamba binadamu hupenda mahali anapoweza kuona mbali bila yeye mwenyewe kuwa wazi pande zote. Hata usipokubaliana na maelezo yake ya asili ya jambo hilo, lipime kwa mwili wako. Kaa katikati ya uwanja, watu wakipita nyuma yako, uone shingo inavyokaza na masikio yanavyogeuka kila hatua inaposikika. Kisha hamia mahali penye ukuta, shina nene au ua mgongoni, mbele pakiwa wazi. Mabega yatashuka yenyewe kabla hujayaambia.

Mabenchi mengi ya bustani za mijini yamepangwa pembezoni mwa njia, yakitazama njia, kana kwamba anayekaa ni mwamuzi wa wapita njia. Usilazimike kuyatumia. Kingo za ukuta mfupi, ngazi pana, mzizi mkubwa, hata kiti chako cha kukunja, vyote vinafaa. Ukilazimika kukaa kwenye benchi la njiani, kaa upande wa mwisho na uugeuze mwili ili njia ikupite ubavuni, isikupige usoni. Kwa mwanamke aliye peke yake naongeza jambo moja: usifuate ukimya hadi mahali pasipo watu. Penye watu wachache wanaoonekana kwa mbali, wanaofanya shughuli zao, pana utulivu kuliko kichaka kitupu, kwa sababu kwenye kichaka kitupu akili yako itakuwa mlinzi muda wote, na mlinzi hapumziki.

Kuhusu honi, kuna utafiti wa zamani ambao bado naupenda. David Glass na Jerome Singer, katika majaribio yaliyochapishwa pamoja mwaka 1972, waliwapigia watu makelele walipokuwa wakifanya kazi. Kelele zilizokuja bila mpangilio ziliacha athari mbaya kuliko zilizokuja kwa vipindi vinavyotabirika: baadaye watu walikata tamaa mapema kwenye mafumbo na kukosea zaidi kwenye kusahihisha maandishi. Kisha baadhi yao wakapewa kitufe cha kuzima kelele, wakiombwa wasikitumie ila ikibidi. Hawakukitumia, na bado walifanya vizuri kuliko wenzao wasio na kitufe. Kujua kwamba unaweza kuizima kulitosha.

Hapo kuna mambo mawili ya kuchukua. La kwanza, usihangaike kutafuta kimya kabisa, hutakipata mjini. Tafuta sauti isiyokatikakatika. Mvumo wa barabara kubwa kwa mbali, usiobadilika, unavumilika kuliko kona yenye taa za barabarani ambapo kila dakika mtu anapiga honi kwa ghafla. Maji husaidia kwa njia hiyohiyo. Bustani ndogo ya Paley Park, iliyofunguliwa mwaka 1967 katikati ya majengo marefu ya New York, ina ukuta wa maporomoko ya maji ambao mvumo wake unafunika kelele za mtaa, na watu wanakaa pale kwa raha ingawa barabara iko hatua chache tu. Kama bustani yako ina chemchemi, hiyo ndiyo nafasi yako, hata kama benchi lake halivutii macho. Ndege nao si pambo tu. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2022 uliwasikilizisha watu 295 rekodi za dakika 6. Sauti za ndege zilipunguza wasiwasi, na kelele za magari zikaongeza hali ya unyong'onyevu.

La pili ni hicho kitufe. Jipe ruhusa kamili ya kuondoka. Anayejiambia "lazima nikae hapa nusu saa" amejifunga mwenyewe, na kila honi inakuwa adhabu. Anayejua kwamba akichoka atanyanyuka na kuhamia kivuli kingine huvumilia zaidi, na mara nyingi hahami.

Umbali nao una hesabu yake. Kwenye uwanja wazi, kila unapouongeza mara mbili umbali wako kutoka barabara yenye magari mfululizo, kelele hupungua kwa takriban desibeli 3, kiasi ambacho sikio hukihisi kwa shida. Kwa hiyo kusogea hatua kumi hakubadilishi sana, ila kuweka jengo au ukuta kati yako na barabara kunabadilisha mara moja. Ua wa majani, kwa bahati mbaya, huzuia macho tu, labda uwe msitu mnene wa mita nyingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Ulaya wa mwaka 2018, lilipendekeza wastani wa kelele za barabarani uwe chini ya desibeli 53. Kona nyingi za mijini zinapita hapo, hivyo usijione dhaifu kwa kuudhika. Na ukiwa nyuma ya hilo jengo unaepuka pia sehemu ya moshi wa magari, ambao ni mwingi zaidi ukingoni mwa barabara na hupungua kadiri unavyosogea mbali nayo.

Tuje kwenye zile dakika tano. Mawazo yanayokuvamia hayakuletwa na bustani. Ni wageni uliowasubirisha mlangoni tangu asubuhi. Umeketi, wameona mlango uko wazi, wameingia wote kwa pamoja. Watu wengi wanafika hapo, wanadhani zoezi limeshindikana, wananyanyuka. Kumbe ndiyo kwanza limeanza. Mwaka 2019 MaryCarol Hunter na wenzake walichapisha utafiti wa wakazi 36 wa mjini. Kwa wiki nane watu hao walitoka nje angalau mara tatu kwa wiki, dakika 10 au zaidi, mahali popote ambapo wao waliona pana mguso wa asili. Walizuiwa simu, intaneti, mazungumzo na kusoma. Kotisoli, homoni ya msongo inayopimika katika mate, ilishuka kwa kasi kubwa zaidi kwa waliotumia dakika kati ya 20 na 30. Baada ya hapo faida iliendelea, ila polepole. Wewe umekuwa ukinyanyuka kabla ya nusu ya safari.

Kwa hiyo kula kwanza, maana njaa ni kelele nyingine, kisha jipangie dakika 20 mara tatu kwa wiki badala ya dakika tano kila siku. Kuna utafiti mwingine mkubwa wa mwaka huohuo, uliotumia takwimu za watu karibu 20,000 wa Uingereza, ulioonyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walielekea kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha, na haikujalisha kama ni kwa mkupuo au vipande vipande. Huo usiuchukue kama dawa iliyopimwa. Ni uhusiano tu, na huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini unaondoa kisingizio cha kusubiri wikendi.

Katika hizo dakika 20 ufanye nini? Kidogo sana. Anza na macho: tazama kitu cha mbali kabisa unachoweza kukiona, kilele cha mti au ukingo wa paa. Misuli ya ndani ya jicho inayokaza tunapotazama skrini hulegea tunapotazama mbali, na mtu aliyeshinda kwenye kompyuta atahisi tofauti. Baada ya muda hamia masikioni. Tafuta sauti ya mbali kuliko zote, kisha rudi karibu pole pole hadi ufike kwenye pumzi yako. Pumua kwa pua, na uache pumzi itoke taratibu kuliko ilivyoingia. Moyo hupunguza kasi kidogo tunapotoa pumzi. Ni kazi ya neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, wala huhitaji kuiamini ili ifanye kazi. Ukijikuta unahesabu pumzi kwa bidii kama mkaguzi wa hesabu, acha, rudi kwenye majani.

Bili na ujumbe uvitendee tofauti na maneno ya bosi. Hivyo viwili ni kazi ambazo hazijakamilika, na akili huzirudiarudia kwa kuogopa utazisahau. Majaribio ya Masicampo na Baumeister, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba mtu akiweka mpango mahususi wa jambo lililobaki, linaacha kumsumbua hata kabla hajalifanya. Beba kipande cha karatasi na kalamu. Likija, andika: bili, Ijumaa, baada ya mshahara. Basi, rudi. Siyo kwenye simu, unajua utakachokikuta humo.

Maneno ya bosi hayana tarehe ya kukamilika, ndiyo maana yanazunguka. Hapo kukaa tu wakati mwingine kunazidisha, hasa siku yenyewe ya maneno hayo. Tembea kwanza. Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake waliwatembeza watu dakika 90, baadhi kwenye majani na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wale wa kwanza walipungukiwa na tabia ya kujichimba kwa mawazo mabaya, na sehemu ya ubongo inayohusishwa nayo ilitulia. Huna dakika 90, naelewa. Zungukia bustani mara mbili tatu, ndipo ukae.

Aibu ya kuonekana huna kazi siidharau, maana mji unamheshimu anayekimbia. Ila wanaokutazama ni wachache kuliko unavyodhani. Thomas Gilovich na wenzake, mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwonea haya, kisha wakawaingiza chumbani kwa wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliomo wangetambua ni nani yuko kifuani. Waliotambua walikuwa kama robo. Na hapo ilikuwa fulana ya kuchekesha. Wewe ni mtu aliyeketi kwenye benchi, jambo ambalo mabenchi yalitengenezewa. Kama bado unahitaji ngao siku za mwanzo, shika kikombe cha kinywaji. Hakuna anayemhoji mtu mwenye kikombe.

Kuhama mji kwa sababu hii, hapana. Mtu anayewashwa na ukimya atawashwa hata kijijini, na huko atakuwa pia na safari ndefu ya kwenda kazini. Siku za mvua, au siku ambazo kutoka hakuwezekani, kaa dirishani penye mti au anga. Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa mapema kidogo na kuomba dawa chache kali za maumivu kuliko ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Dirisha halilingani na kukaa nje, lakini lina faida yake.

Kuna mpaka ambao lazima niutaje. Baadhi ya watu, wakijaribu kutulia, mapigo ya moyo yanapanda, kifua kinabana, au kumbukumbu za jambo la kutisha zinarudi kwa nguvu. Hao wasijikaze; watembee, wafanye kazi ya mikono, na wamwone mtaalamu wa afya ya akili. Hali kadhalika kama huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya kila kitu vimedumu wiki mbili au zaidi, na hasa kama kuna mawazo ya kujidhuru, benchi si mahali pa kuanzia. Anza kituo cha afya. Vilevile, kama bosi anakunyanyasa, utulivu wa mchana utakupa kichwa cha kupanga la kufanya, lakini hautambadilisha yeye.

Nimalizie na watoto. Usiwatake wakae kimya dakika 20, mtagombana na wote mtaichukia bustani. Dakika mbili au tatu za mchezo zinatosha: nani atasikia sauti ya mbali zaidi, nani ataona kitu kinachotembea bila miguu. Muda uliobaki waache wakimbie. Wao wana faida yao humohumo. Mwaka 2009 Andrea Faber Taylor na Frances Kuo walionyesha kwamba watoto wenye tatizo la umakini walizingatia vizuri zaidi baada ya matembezi ya dakika 20 kwenye bustani kuliko baada ya matembezi ya mjini. Ila wewe ukiwa nao una kazi ya kuwachunga: yupi amepanda wapi, yupi amesogelea barabara. Huo ni umakini uleule unaochoka, kwa hiyo dakika hizo usizihesabu katika zile zako za mchana.